Kodi Yangu Asilipe Mwingine

Sehemu ya saba

Wiki iliyopita niliwaacha mlangoni kwangu Ng'ambo, mikono imenata nta hadi viwikoni, na Elieza karani wa bomani amesimama mbele yangu na bahasha ya serikali. Bahasha ilikuwa na jina la Tobias, mume wangu.

Aliyeanza kunisoma leo nisimchoshe. Naitwa Imakulata, binti Masolwa wa Kwihara. Tobias alinioa kanisani, akangoja mtoto, mtoto hakuja, akahamia Igalula kwenye kazi yake ya stesheni na kwenye nyumba ya mwanamke mwingine. Hakuniachia hata sufuria. Nikaanza kununua nta kwa warina asali wa Ugalla. Naiyeyusha, naichuja, naigandisha kwenye mabakuli, namwuzia Mhindi anayeisafirisha Ulaya. Ghala liliungua, nikajenga jingine lililoungana na nyumba, mlango wake uko ndani. Mhindi wa kwanza alinidhulumu, nikapata wa pili. Hayo mmeshayasoma, na mlioniandikia kunipa pole nawashukuru, ingawa pole sikuiomba.

Wapo wanaoandika katika ukurasa huu ili watubu. Mimi situbu. Nasimulia tu jinsi nilivyojiingiza mikononi mwa serikali kwa miguu yangu mwenyewe mwaka ule wa 1958, na leo hii mkinirudisha pale pale nitaingia tena.

"Mbona barua ya Tobias inaletwa kwangu?" nilimwuliza Elieza.

"Kwa sababu biashara iko hapa," akasema. Elieza ni Mmoravian wa Sikonge, mtu mpole, hatoi neno mpaka alipime. "Mnunuzi wako amepeleka hesabu zake serikalini, akaeleza nta anainunua kwa nani. Bwana wa kodi ya mapato ametoka Dar es Salaam, yuko bomani tangu wiki iliyopita. Aliuliza mwenye nta ya Ng'ambo ni nani, akaambiwa ni mke wa Tobias. Basi akaandika Tobias. Mwenyewe ameshapelekewa yake Igalula tangu wiki iliyopita. Hii ni nakala ya hapa kwenye ghala."

"Kodi gani tena? Tobias si analipa ya kichwa huko huko aliko?"

"Hii si ya kichwa, dada. Ya kichwa humtafuta mwanamume mzima popote alipo. Hii haiulizi ndevu. Inauliza mtu amepata nini mwaka mzima, tangu Januari hadi Desemba. Akishavuka kiwango, awe Mzungu, awe Mwarabu, awe Mnyamwezi, lazima apeleke hesabu ya mapato yake, na kila karatasi ina siku yake ya mwisho. Ya hii ni Ijumaa. Jumamosi Bwana anapanda treni."

"Basi aliyevuka ni mimi. Ingeandikwa jina langu."

Elieza alikohoa kidogo. "Sheria inasema mapato ya mke ni mapato ya mumewe. Anayejaza ni mume."

"Hata kama huyo mume hajui nta inanukaje?"

"Hata kama. Labda..." Akasita. "Labda mke awe haishi na mumewe. Wakiwa wametengana, kila mtu na hesabu yake."

"Tumetengana."

"Dada, hebu fikiri. Mtaa mzima huu watu wakisikia neno kodi wanatokea mlango wa uani. Wewe unaambiwa kodi ni ya mtu mwingine, halafu unakataa?"

"Nakataa. Mwambie Bwana wako nitakuja mwenyewe na hesabu yangu. Tobias asinilipie hata senti moja."

Elieza aliondoka akitikisa kichwa. Nyuma yangu nikasikia kicheko. Alikuwa Mwanajuma, jirani yangu, Mmanyema mshona kofia, ambaye ukuta wake na wangu ni mmoja na masikio yake hayana ukuta kabisa.

"Imakulata, wewe umerogwa," akasema. "Watu wanaficha kuku wasihesabiwe, wewe unakimbilia bomani kujisemea."

"Nisipoandikwa mimi ataandikwa yeye. Na akiandikwa yeye, kesho atakuja na karatasi mkononi kuchukua ghala langu, na boma litasema kweli ni lake."

Mwanajuma aliacha kucheka. "Hilo nalo neno," akasema.

Hiyo ndiyo shida yangu yote, msomaji, wala sina nyingine ya kukuficha. Kodi sikuiogopa. Niliogopa kazi ya mikono yangu isiandikwe kwa mtu aliyeniacha.

Jumatano mchana kaka yangu Anton alikuja kwa baiskeli kutoka Kwihara, amebeba ubavu wa ng'ombe uliofungwa kwa majani ya mgomba.

"Baba amekukumbuka," akasema.

Nilifurahi kama mjinga. Nyama ya ng'ombe sikuwa nimeionja tangu Pasaka. Niliipika na nyanya, nikasonga ugali, nikamwita na Mwanajuma. Anton alisema ameshiba. Mimi nilianza, maana mwenye nyumba akichelewa kula wageni hawali.

Mwanajuma hatii mkono katika chungu changu kabla ya kuuliza. Ni Mwislamu na ana haki yake. "Nani kachinja?" akamwuliza Anton.

"Kula bila wasiwasi, dada. Kachinja mwalimu wa chuoni. Baba alimwita makusudi, maana baadhi ya wageni walikuwa Waislamu."

"Wageni gani?" nikauliza. Nilikuwa nimeshamaliza sahani ya kwanza.

Anton alitazama mlango.

"Anton, nakuuliza. Wageni gani?"

"Wa Igalula," akasema polepole. "Watu wa shemeji. Wameleta ng'ombe wa mahari."

Nieleze hapa, maana msomaji wa pwani hataelewa. Tobias aliponioa, watu wake walileta jembe na mbuzi na ahadi. Padri alitufungisha ndoa kwa ahadi ile ya wazee. Ng'ombe wangekuja baadaye. Nilipokaa bila kuzaa, mama yake alisema mbele yangu, mimi nimempigia magoti namnawisha mikono, kwamba wao hawatoi ng'ombe kwa tumbo tupu. Miaka ikapita, ng'ombe hawakuonekana.

Na kwetu ng'ombe wa kwanza wa mahari huchinjwa siku ile ile, na kila mtu wa ukoo hupelekewa sehemu yake. Asiyeridhia huirudisha nyama ikiwa mbichi. Akiila, amekubali. Ubavu ni sehemu ya bibi harusi. Nami nilikuwa nimeula mpaka vidole nikavilamba.

"Ulijua?" nikamwuliza Anton.

"Baba alisema nisikwambie mpaka ule."

Niliondoka pale nikaenda kusimama nyuma ya ghala. Kwa mtoto niliyekuwa namwomba Mungu kila Jumapili, hawakutoa kitu. Kwa machozi yangu hawakutoa. Kwa nta wametoa.

Niliporudi ndani Anton alikuwa ameshapanda baiskeli yake na kwenda zake. Mwanajuma alikuwa amekaa na ugali mtupu mkononi, hajagusa nyama.

"Mimi sijala," akasema. "Kama kuna kiapo cha kulishwa, mimi simo."

Alhamisi asubuhi nilikuwa Kwihara. Nilimkuta baba anajenga zizi. Mzee wa umri ule anakata miiba na kuifunga kwa kamba za miti, peke yake, huku anapiga mluzi. Sijamwona akifanya kazi kwa furaha hivyo tangu mama alipofariki, na hilo lilinifanya nishindwe kumwanza kwa ukali.

"Mwangaluka, baba," nikamwamkia kwa lugha ya nyumbani. Tulizungumza Kinyamwezi, nawaandikia kwa Kiswahili.

Aliitikia, akaniambia nikae.

"Sikai. Warudishe hao ng'ombe."

"Kaa kwanza, mwanangu."

"Baba, warudishe."

Aliweka panga chini. "Imakulata, miaka yote hii nikienda pombeni watu wananiuliza, Masolwa, binti yako ameolewa au ameazimwa? Ninyamaze, wacheke. Juzi wamekuja watu wazima, wamevua kofia, wamesema tulikosea, tumekuja kumaliza. Ulitaka niwafukuze?"

"Hawakuja kwa ajili yangu. Wamefuata nta. Serikali imeuliza mwenye nta ni nani, basi na Tobias amekumbuka kwamba ana mke."

"Nta ni kazi ya mikono tu, leo ipo kesho haipo. Mume ni mume."

"Ana mwanamke Igalula."

"Amesema atamwacha."

"Na wewe umemwamini?"

"Nilitaka kumwamini," akasema.

Hapo nilimhurumia, na huruma ile ilinikasirisha zaidi. "Basi sasa umejua. Warudishe."

"Mmoja tumeshamla, na wewe umekula. Na mahari hairudishwi na mwanamke. Anayerudisha ni yule aliyepokea. Aliyepokea ni mimi, na mimi sirudishi."

"Mara ya kwanza uliniuliza kama namtaka," nikamwambia. "Mara hii hukuniuliza."

Aliokota panga akaendelea na miiba yake, lakini mluzi haukurudi tena.

Njiani nililia. Nasema wazi kwa sababu naona wengi wenu mnanidhania chuma. Njia ile ya Kwihara kuja mjini babu yangu aliipita na pembe za ndovu za watu wengine begani, mpaka pwani na kurudi, msafara baada ya msafara. Wenye pembe majina yao yamo vitabuni mpaka leo. La babu yangu halimo. Nilipofika Ng'ambo nilikuwa nimeshafuta uso na nimeshaamua kwamba langu litakuwamo, hata kama ni kwenye kitabu cha kodi.

Nikafungua mlango wangu. Kwenye msumari wa ukutani palining'inia kofia ya reli.

Tobias alikuwa amekaa kwenye kiti changu, anakunywa chai kutoka kwenye birika langu. Baiskeli yake ilikuwa ndani. Godoro lake lilikuwa limeshakunjuliwa.

"Karibu nyumbani," akaniambia.

"Umefuata nini hapa?"

"Mume hafuati kitu, mume anarudi. Nimeomba likizo kwa bwana stesheni. Mahari nimemaliza, mkwe amepokea, na nasikia ubavu ulikuwa mtamu."

"Toka."

"Nisikilize kwanza. Kesho nakwenda bomani na karatasi yangu. Nitasema naishi na mke wangu, biashara ni yangu, na kodi nitalipa mimi. Wewe utaendelea na kazi yako ya kuyeyusha kama kawaida. Nakupunguzia mzigo, Imakulata."

"Na nta iliyomo ghalani?"

"Kuna mnunuzi wa Dodoma anaitaka yote kwa mkupuo mmoja. Tumeshaelewana."

Wameshaelewana. Nta ambayo hajawahi hata kuipulizia moto.

Niliitwaa kofia yake msumarini nikaitupa uani. Akatoka taratibu, akaiokota, akaipangusa, akairudisha pale pale. Nikaitupa tena. Akairudisha tena. Mwanajuma alikuwa akituchungulia dirishani na nadhani alitamani tuendelee hadi magharibi.

"Fanya utakavyo," Tobias akasema alipochoka. "Ukitaka kutoka, mlango ule pale. Nta itabaki ndani, na mimi nitabaki ndani na nta. Ukitaka kukaa, kaa, na kesho nikisema tunaishi pamoja nitakuwa nasema kweli."

Tobias si mjinga, sijawahi kusema ni mjinga. Nikilala chini ya paa moja naye, mapato ni yake kwa sheria. Nikiondoka, sheria iko upande wangu lakini ghala liko mikononi mwake. Nilisimama katikati ya nyumba yangu niliyoijenga kwa tofali zangu, sina pa kukanyaga. Kisha nikachukua kanga yangu na mizani yangu, nikahamia kwa Mwanajuma.

Ijumaa asubuhi nikasikia watu wanapiga hodi kwa Mwanajuma wakiniulizia mimi. Walikuwa warina asali wa Ugalla. Mzee Bundala ndiye mkubwa wao. Walikuwa wametembea kutoka msituni na mizigo ya nta kwenye miti mabegani na madebe ya masega, wananuka moshi, na nyuki wachache bado wanawazungukazunguka.

"Shikamoo, mzee Bundala."

"Marahaba, mwanangu. Mbona leo unapokea wageni kwenye nyumba ya watu?"

Nilimweleza kisa chote pale pale barazani. Alisikiliza huku akijikuna kidevu.

"Ile nta ya ndani tulimwuzia nani?" akauliza.

"Mimi."

"Huyo mwanamume nimewahi kumwona msituni kwangu?"

"Hujawahi."

"Basi twendeni tukaitoe."

"Ngojeni," Mwanajuma akaingilia. "Mkiileta hapa atasema mkewe ameiba, na mimi nimepokea mali ya wizi. Mimi na jela hatujuani. Ipelekeni mahali ambapo hakuna mtu atakayesema imeibwa."

"Wapi huko?" nikauliza.

"Si Mzungu mwenyewe ndiye aliyeiuliza? Mpelekeeni."

Nilimtazama kuona kama anatania. Alikuwa anatania. Lakini alipoona ninavyomtazama akavuta kanga yake na kujifunga kibwebwe.

Tobias alitokea mlangoni, mikono imeshika miimo huku na huku. "Hapa hapiti mtu. Hii ni nyumba ya ndoa."

Bundala hakubishana naye. Aliweka debe lake kizingitini, akafunua kifuniko. Nyuki waliokuwa wakizubaa barazani wakaona asali, wakaja wote, na wengine wakatoka sijui wapi. Bundala alisimama katikati yao ametulia kabisa. Tobias alijaribu kutulia naye. Mmoja alipotua kwenye kope yake aliachia miimo, akapita kati ya vyungu, akatokea uani, na nikamsikia akiruka ua wa mabua.

Tukaitoa nta yote. Warina wakabeba kwa miti yao, wanawake wa mtaa wakabeba mikate ya nta vichwani, mimi nikabeba mizani. Tulipita katikati ya Ng'ambo mchana kweupe, mstari mrefu, tukakata sokoni.

"Mnahama?" watu wakauliza.

"Tunakwenda kulipa kodi," Mwanajuma akawajibu, na kuna mwuza karanga alicheka mpaka akakaa chini.

Bomani tulipanga nta uani. Bwana wa kodi alitoka nje kuona kelele ni za nini. Alikuwa mtu mwembamba mwenye pua iliyobabuka kwa jua, na Kiswahili chake kilikuwa cha salamu tu. Aliitazama nta, akamtazama Elieza. Elieza akatazama juu.

Tulipoingia ofisini Tobias naye alifika kwa baiskeli, jicho moja limevimba, karatasi mkononi.

Bwana alizungumza, Elieza akatafsiri. "Anauliza, huyu bwana anasema mnaishi nyumba moja. Ni kweli?"

"Yeye jana alilala kwangu. Mimi nililala kwa jirani."

"Kwangu," Mwanajuma akasema kutoka mlangoni. "Na blanketi kanivuta lote yeye."

"Huyu ni mke wangu," Tobias akasema. "Ndoa ya kanisani, na mahari nimemaliza wiki hii. Mwulizeni kama hakula ubavu."

Elieza alimweleza Bwana habari ya ubavu. Alichukua muda mrefu. Bwana akaweka kalamu chini, akapangusa uso wote kwa leso, akasema maneno machache.

"Anasema sheria yake haina nyama," Elieza akasema. "Anachotaka kujua ni kimoja. Hamkai pamoja tangu lini?"

Nilingoja swali hilo tangu Jumanne, Elieza aliponiletea bahasha. "Tangu mwaka Malkia alipotawazwa, miaka mitano sasa. Watoto wa shule waligawiwa vikombe, wiki ile ile Tobias akafunga mizigo yake. Mtaa mzima unajua. Hajalala kwangu tena mpaka jana, na jana sikuwamo."

"Una hakika?"

"Kama ninavyolijua jina langu."

Bwana alimwuliza Tobias naye. Tobias alianza kusema mengi, kazi ya stesheni, uhamisho, treni za mizigo. Bwana alimkatiza kwa mkono. Akaivuta ile karatasi, akakata jina la Tobias kwa mstari mmoja, akaniuliza langu.

"Imakulata binti Masolwa."

Akaliandika. Elieza aliniuliza nta niliyouza mwaka uliopita na niliyoinunua kwa kiasi gani, nikamtajia, naye akamtajia Bwana, mpaka karatasi ikajaa. Nilipewa kalamu, nikatia sahihi kama masista walivyonifundisha. Nilifurahi, msomaji. Siku ya harusi yangu sikufurahi vile.

Ningeweza kuishia hapo, mkanisifu. Lakini Bwana hakuwa amemaliza. Aliitazama tena ile karatasi, akauliza jambo, na uso wa Elieza ukabadilika.

"Dada," akasema, "Bwana anasema, kama mlitengana mwaka huo wa Malkia, basi tangu mwaka huo mapato ni yako mwenyewe. Biashara ilivuka kiwango lini?"

"Mwaka wa pili tu. Nta ilikuwa na bei."

Nililisema kwa majivuno. Elieza alifumba macho kabla ya kulitafsiri.

"Na mwaka huo ulipeleka hesabu?"

"Sikuletewa karatasi."

"Anasema aliyevuka kiwango hangoji karatasi. Asipoletewa, ni juu yake kwenda mwenyewe kusema. Mwaka ule hukusema, na uliofuata hukusema, mpaka huu. Kila mwaka una kodi yake, na kila kodi ina faini yake. Na ushahidi umeutoa wewe mwenyewe sasa hivi, kwa kinywa chako."

Nilimsikia Mwanajuma akisema jina la Mtume.

Tobias akanisogelea. Alinisemesha Kinyamwezi, kwa sauti ile aliyokuwa akitumia zamani tulipokuwa wachumba. "Sema ulichanganya. Sema nilikuwa nakuja kila mwisho wa mwezi. Miaka yote hiyo itakuwa juu yangu, siyo juu yako. Tutauza nta, tutalipa, kitakachobaki tutaanzia maisha. Nakuokoa, Imakulata. Nani mwingine atakuokoa?"

Sikuona mwingine, na hilo lilikuwa kweli. Baba alikuwa Kwihara na zizi lake. Mwanajuma ana sindano na uzi. Nikashika ukingo wa meza.

"Bwana anauliza," Elieza akasema, na alisema taratibu sana ili nielewe mlango anaonifungulia, "kama kuna neno unataka kulibadilisha kabla hajaandika. Akishaandika, haitawezekana."

Nje niliona nta yangu imepangwa juani. Ilikuwa imeanza kulainika na harufu yake ilikuwa imejaa ofisi nzima.

"Mwambie sibadilishi," nikasema. "Aandike na mwaka ule, na uliofuata, na yote. Jina ni lile lile."

"Dada Imakulata..."

"Tafsiri, Elieza."

Akatafsiri. Bwana aliniangalia, siyo kwa ubaya. Kisha akaandika, akagonga muhuri, akamwita askari wa barazani na kumpa karatasi ya amri, akionyesha uani. Tobias alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mgongo ukagusa ukuta.

Askari yule hakuwa anajua lolote la kesi yetu. Alikuwa amesimama juani tangu asubuhi na alichotaka ni kumaliza kazi yake. Alifunga kamba kuizunguka nta, akaja akasimama mlangoni, akatutazama sote tuliomo.

"Mwenye nta hii ni nani?" akauliza. "Inazuiliwa mpaka kodi ilipwe. Na mwenyewe anatakiwa kwa hakimu sasa hivi, nimsindikize."

Wiki nzima nta ile ilikuwa na wenyewe wengi. Nilimtazama Tobias. Alikuwa ameinamisha kichwa anatazama viatu vyake vya reli.

"Ni mimi," nikamwambia askari, nikatangulia.